Jaketi Zilizongoja Mgeni wa Heshima

Mimi ni mtu wa hasira, na watu wanaopanda mashua siku za mapumziko wameniongezea. Nimewahi kumpigia firimbi mzee mwenye wajukuu mpaka akaketi. Nimewahi kumnyang'anya kijana wa Kitale chupa yake ya bia nikaimwaga majini mbele ya mchumba wake, naye akaniambia, "Si utulie, madam? Hii si bahari, ni bwawa tu." Ni bwawa tu. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko salamu. Watu wetu wa bara wanaogopa bahari ambayo hawajaiona, kisha wanalidharau bwawa lililo nyuma ya shamba la mahindi.

Nafundisha shule ya msingi karibu na Kibomet. Kuogelea nilijifunza utotoni katika mto Nzoia, pale Moi's Bridge, kwa kuwaficha wazazi, na viboko nilivyopata kwa ajili hiyo havina idadi. Bwawa ninalolisema liko upande huohuo. Zamani lilikuwa la kunywesha ng'ombe. Siku hizi mwenye shamba amenunua mashua mbili za mbao, ameweka viti vya plastiki na jiko la nyama choma, na kila wikendi watu wanakuja kutoka Kitale na hata Bungoma kuzungushwa majini na kupigwa picha.

Baada ya watu wawili kufa maji hapo, tulijitolea watu sita, wote wa kanisa lililo juu kidogo ya bwawa. Nilikuwa mimi, katekista wetu, mfanyabiashara mmoja wa mahindi, na wengine watatu ambao walikuja walipoweza. Vifaa vyetu vilikuwa kamba ndefu iliyofungwa mtungi mtupu ncha moja, fito mbili za mkaratusi, na firimbi yangu ya michezo. Kazi yetu kubwa ilikuwa mdomo. Kaa chini. Usisimame. Msijazane upande mmoja. Mwenzako akizama, mrushie kitu, usimrukie, atakuzamisha na wewe. Walitusikiliza kama watoto wanavyosikiliza matangazo ya paredi.

Tulichokosa ni jaketi za kuelea. Tukafanya harambee. Watu walitoa mahindi, kuku walinadiwa, jogoo mmoja akanunuliwa mara nne na kurudishwa mara nne ili pesa zitoshe. Jaketi zikaja, mpya, za rangi ya machungwa, kila moja ndani ya nailoni yake. Kwa kuwa nilikuwa katibu, nilipewa ufunguo wa stoo ya kanisa.

Katika kikao, mwenyekiti wa kamati ya harambee alisema hazitaguswa kwanza. "Watu wametoa jasho," alisema. "Lazima mheshimiwa akuje azindue, kila mtu aone. Hatuwezi anza kuvaa tu hivi ati ni sweta." Hakuna aliyeona ajabu, mimi wa kwanza. Nyumbani kwangu kuna vikombe kabatini ambavyo watoto wangu hawajawahi kunywea, vinangoja wageni. Mama yangu alikuwa na blanketi la namna hiyo, akafa kabla hajajifunika. Kwetu kitu kizuri huwekwa. Nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko wa mwalimu, kwamba jaketi hazitatolewa kwenye nailoni kabla ya uzinduzi. Mheshimiwa akaahirisha mara ya kwanza kwa sababu ya mazishi. Mara ya pili hakutoa sababu. Mwezi ukapita, na wa pili ukaanza.

Jumamosi moja ya likizo msafara wa harusi ulishuka bwawani kupiga picha. Bwana harusi alikuwa mtu wa Kitale, bibi harusi alifanya kazi ofisini Bungoma. Pamoja nao alikuja shangazi wa bibi harusi, senge kama wanavyosema Wabukusu, mama wa Naitiri mwenye mwili na kicheko kikubwa, amevaa gomesi ya zambarau yenye mabega yaliyosimama. Huyo ndiye aliyemlea bibi harusi tangu mama yake alipofariki. Alitembea nyuma yake akiinua pindo la shela lisiguse matope, huku akiwagombeza vijana kwamba hawajui kushika nguo ya mwanamke.

Niliwapa mahubiri yangu. Nikawaambia mashua ni ya watu sita. Wakapanda wanane, kwa sababu hakuna mtu anayekubali kuachwa nje ya picha ya harusi. Senge alikuwa wa mwisho. Alisimama ukingoni akayaangalia maji, kisha akanigeukia. Katika miaka yote niliyopiga kelele pale, ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza yeye mwenyewe.

"Mwarimu, hakuna ile nguo ya kuerea? Mimi maji naogopa, bana. Hata ya kuoga naogopa."

Wote wakacheka.

"Bado hazijafika, mama," nilisema.

Ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba wangu. Stoo ilikuwa mwendo wa dakika tatu. Ningependa kusema nilichanganyikiwa, lakini sikuchanganyikiwa. Wala sikuwaza kifo. Niliwaza nailoni. Niliwaza jaketi zimelowa matope, mwenyekiti anauliza nani ameruhusu, na karatasi yenye mwandiko wangu imewekwa mezani. Mimi ninayewafokea wazee wa watu niliogopa kuulizwa swali kwenye kikao.

"Haya basi, Mungu ndiye jaketi," senge alisema, akanipa viatu vyake nimshikie, akapanda. Wakawa tisa.

Mpiga picha alibaki nchi kavu. Walipofika katikati alipaza sauti, "Wote geukeni huku! Simameni kidogo tu, shangazi hatumuoni!" Nilipuliza firimbi mpaka masikio yakaniuma. Walinipungia mkono. Wakasimama wote, wakageuka wote, na mashua ikalala ubavu taratibu, bila kelele, ikawamwaga.

Tulifanya tulichojua. Nilirusha kamba, bwana harusi na wasimamizi wawili wakaushika mtungi, tukawavuta. Katekista alipiga makasia kwa mashua ya pili. Shela la bibi harusi lilijaa hewa likamshikilia juu kwa muda, katekista akamkuta na kumvuta kwa mkono. Wengine walining'inia kwenye mashua iliyopinduka. Tulipowahesabu kwenye nyasi walikuwa wanane. Nikahesabu tena, nikiwagusa vichwa mmoja mmoja kama darasa la kwanza. Walikuwa wanane.

Gomesi ni mita nyingi za kitambaa, na mshipi wake hufungwa ukakazwa. Ikishiba maji, hata mwanamume wa kubeba magunia haiinui. Nilivunja sheria yangu mwenyewe nikaingia. Maji yale ni ya rangi ya chai ya maziwa, mkono wako mwenyewe huuoni. Nilizama nikaibuka, nikazama nikaibuka, na kila nilipoibuka nilimsikia bibi harusi akiita, "Senge! Senge!" Yule mfanyabiashara wa mahindi ndiye aliyempata kwa fito, baada ya muda ambao mtu yeyote aliyesomea kazi hii angeniambia niache. Sikuacha. Nilimbonyeza kifua na kumpulizia pumzi mpaka daktari wa zahanati ya jirani aliponishika mabega akasema, "Mwalimu, inatosha." Viatu vyake vilikuwa bado ukingoni, nilipovitupa.

Alizikwa Naitiri. Tulienda wote sita na mwenyekiti. Kaka wa marehemu, baba wa bibi harusi, alituita tusimame mbele ya watu, akatushukuru. "Hawa wa kujitorea walifanya yote," alisema. "Kosa si rao. Vifaa ndiyo vilikuwa havijafika." Umati ukanung'unika kwa huruma. Uongo wangu ulikuwa umenitangulia kufika, umeshakaribishwa na kupewa kiti. Nikamtazama mwenyekiti. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Njiani kurudi, ndani ya pikapu yake, nilisema lazima tuwaambie.

"Tukiwaambia, itamrudisha?" mwenyekiti aliuliza.

"Hiyo maneno tuache hapo, madam," mfanyabiashara alisema. Katekista alikuwa akitazama nje, na midomo yake ilikuwa inasali. Nilijiambia nitakwenda peke yangu Jumapili itakayofuata, na Jumapili hiyo nikapata sababu ya kutokwenda, nayo haikuwa ngumu kupatikana.

Mheshimiwa alikuja upesi safari hii. Sasa palikuwa na kifo, na kamera hupenda kifo. Hema zilisimamishwa, nailoni zikachanwa kwa makasi yenye utepe, na bibi harusi akapewa heshima ya kuvalishwa jaketi ya kwanza. Alilia mpaka akashikiliwa. Mimi ndiye niliyemfunga mikanda. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kunong'ona, na nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha. Nikamwambia asikaze sana, apate kupumua.

Nilidhani baada ya hapo sitamwona tena. Badala yake alianza kuja. Kila Jumapili ya pili anapanda gari Bungoma asubuhi, anafika bwawani kabla ya watu wa nyama choma, anaomba firimbi. Amejifunza kurusha kamba vizuri kuliko mimi. Ameniambia mimi ni kama senge wake sasa, kwa sababu niliingia majini. Akija hakosi kitu mkononi, ndizi, au mkate, au karanga za kusaga. Nazipokea. Nyumbani naziweka mezani na hamu ya kula haiji.

Kinachoniua ni kwamba anafanya kazi kuliko mimi. Kelele zangu za miaka hazikumkalisha mtu chini. Yeye hapigi kelele. Anasimama ukingoni na kuwasimulia kuhusu mwanamke mmoja wa Naitiri aliyeogopa maji, aliyeuliza jaketi siku yake ya furaha, akaambiwa hazijafika. Anasema hazikuwa zimefika kweli, lakini leo zipo, basi leo hakuna atakayepanda bila kuvaa. Hata vijana wa chupa huziweka chini na kuvaa. Nikisema ukweli, najua hataweza kusimama tena mahali pale, na sijui kama najizuia kwa ajili ya watu wa mashua au kwa ajili yangu. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Sijapata jibu ambalo haliniaibishi.

Jumapili iliyopita baba mmoja, mbishi, alimkatiza. "Yaani bwawa lina mashua na halina jaketi hata moja? Haiwezekani, kuna mtu alilala kazini."

Bibi harusi hakukasirika. Alinigeukia kwa upole, kama mtu anayeomba ushahidi wa mkubwa wake. "Hazikuwa zimefika. Mwalimu alikuwepo. Si ndiyo, mwalimu?"

Nikasema ndiyo, na yule baba akanyoosha mikono nimvalishe.