Mlingoti wa Mzee Ishaka

Neno la kwanza alilonipa Mzee Ishaka lilikuwa amri. Niliposhuka kwenye lori pale Kiwangwa nikamwamkia shikamoo, alinijibu, "Marahaba. Zima simu, unasumbua ndege."

Nikazima. Mfukoni nilikuwa na barua ya uwanja wa ndege ikiniuzia mtambo wao kama chuma chakavu, kila kilicho juu na chini ya ardhi. Ilikuwa redio ya kuwaonyesha marubani njia, nayo ilizimwa miaka miwili nyuma, ndege zilipohamia kwenye satelaiti. Ishaka, mlinzi wake kwa miaka thelathini, aliambiwa siku ileile. Majirani hawakuambiwa.

Sheria ya mtambo ilikuwa moja: ndani ya hatua mia kuuzunguka, kusiote kitu kirefu. Ishaka aliitekeleza kwa panga. Mikorosho ya Bi Swaumu aliikata mara tatu, tena kwenye ardhi ya ukoo wake mwenyewe Bi Swaumu. Minanasi ya Ishaka haikuguswa. Hiyo ni mifupi, haiwaudhi marubani. Ikajaa duara zima. Mtambo ulikufa, panga halikustaafu.

Akanivuta kando. "Mwanangu, beba vyote, niachie huu mlingoti wa redio. Ukianguka tu, majirani watajua mtambo umekufa, watanipokonya shamba."

"Mlingoti ni chuma changu, mzee."

"Na shaba je? Unajua ilipofukiwa? Mimi najua."

Shaba! Nilikunja uso kama mwenye jino bovu, nikalalamikia barabara, nikalalamikia mafuta ya lori, mwisho nikakubali shingo upande. Tukashikana mikono.

Ishaka alidhani ni fundo moja la waya, chini ya mlingoti. Vibarua wangu walipofukua wakakuta nyaya sitini zimetawanyika kama mbavu za mwavuli, mpaka ukingoni mwa duara. Hakuna waya ambao haukupita chini ya minanasi.

"Simameni! Hayo ni mananasi ya kuuza mwezi wa Ramadhani!"

"Tumeshapeana mikono, mzee."

Tukang'oa. Bi Swaumu akaja na nusu ya kitongoji.

"Ishaka, ndege sasa zitaongozwa na nini?"

"Na mlingoti."

"Mlingoti mtupu? Redio ya marehemu mume wangu ilikuwa haikohoi bila betri!"

Watu wakaangua kicheko. Ishaka akasema mambo ya kitaalamu hayaelezeki kwa wanawake. Bi Swaumu hakubishana; alikwenda kuleta miche. Lori langu halijajaa, mikorosho kumi na minne ilikuwa imeshasimama ardhini, na wenzake wakipima mipaka yao kwa miguu.

Mimi nilipata shaba. Majirani walipata ardhi. Ishaka alipata mlingoti, kama tulivyoafikiana. Sina tabia ya kumpunja mtu.

Mwezi uliofuata nilipita tena. Akanisimamisha, mpole kama mkwe, akauliza iwapo bado nauhitaji mlingoti.

Nikamwambia chuma kimeshuka bei.