Haibiskasi ya Kaburini, Ikinga

Kitalu changu kipo Nanyala, kando ya barabara kuu. Kwa miaka mingi, mteja akitaka uzio wa maua nilimpa haibiskasi nyekundu yenye maua makubwa. Miche yote niliikata kwenye kichaka kimoja, ikafanana kama mapacha, na wateja walipenda hivyo.

Kiangazi kimoja mama mwenye gesti Tunduma akanipigia simu. "Mwanangu, njoo uone. Uzio wako kama umemwagiwa unga."

Nilikuta wadudu weupe wamejaa kila tawi. Nilikuwa nimempandia mti uleule mmoja kutoka mwanzo wa uzio hadi mwisho. Mdudu aliyeuweza mmoja aliiweza yote. Tuling'oa, tukachoma. Kilibaki kichaka kimoja tu karibu na geti, kina maua madogo meupe, kibichi kabisa.

"Hicho alikileta mama mkwe kutoka Ikinga," akasema. "Kwake ziko za kila namna."

Nikapanda gari hadi Ikinga, wilayani Ileje. Mama mkwe huyo, bibi mzee, akanipokea vizuri, akanitembeza kwenye vichaka vyake, vingine vimeota vyenyewe kwa mbegu. Akaniruhusu kukata miche kwenye vyote, isipokuwa kimoja cha njano kilichokuwa kwenye kaburi la mumewe.

"Hicho hakikatwi."

Sikubisha. Tulikaa tukipukuchua maharage, nikamsimulia yaliyotokea Tunduma. Mwishowe nikasema, "Bibi, cha njano namna ile sijakiona kwingine. Kikifa, ndiyo basi."

"Mume wangu alikipanda mwenyewe, tulipooana. Alipokufa tukamzika chini yake." Kisha akainuka, akachukua kisu, akakata pingili kwa mkono wake. "Zikishika, uniletee mche mmoja. Na mimi niwe na akiba."

Masika yaliyofuata nilimpelekea.

Tangu hapo nimekusanya haibiskasi kutoka nyua za watu Mbozi, hata Ivuna, ambako nilipata moja inayovumilia udongo wa chumvi. Kila aina ina mstari wake kitaluni. Asubuhi nachukua unyoya wa kuku, nahamisha chavua kutoka ua hili hadi lile, kisha nasubiri mbegu. Wiki iliyopita mche mmoja wa mbegu umechanua rangi ya chungwa, katikati mwekundu kama damu. Sijaupa jina. Kiangazi kitakuja na wadudu wake. Waje wauonje, nami nitakuwepo kuangalia.