Salamu za Baba Kwenye Intaneti

Mie nina mdomo, sikatai. Waliokaa na mie wanajua, nikikereka nakwambia hapo hapo. Lakini baya kuliko yote niliyomfanyia baba yangu nililifanya kwa kunyamaza, na hata leo nikilikumbuka nakosa pa kujiweka.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika la umma alilolitumikia tangu ujana wake, yeye na wenzake wengi, siku moja, kila mtu na bahasha yake. Alikuwa karani wa barua. Barua zikiingia, yeye ndiye anayezijibu, za Kiswahili na za Kiingereza, na alikuwa akijisifu kwamba hakuna barua iliyotoka mezani kwake bila salamu. Kiinua mgongo chake alikimalizia kwenye vyumba vinne vya wageni nyuma ya nyumba yetu ya Kunduchi, kwenye njia inayoshuka kwenda mahoteli ya pwani. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mie ndoa ilikuwa imenishinda, nimerudi nyumbani na sanduku moja, basi vyumba vile nikawa naviendesha mie: shuka, vyandarua, chai ya asubuhi, na kupatana na wageni. Tulikuwa tunawadaka wale walioshuka hotelini, wakasikia bei, wakaanza kupanda tena na mabegi yao mgongoni.

Mmoja wao, mwanafunzi wa Kizungu aliyekaa kwetu miezi miwili, ndiye aliyetutengenezea ukurasa kwenye intaneti. Ulikuwa na jina la nyumba, picha moja ya kitanda na chandarua, na nafasi ya maneno. Akamfundisha baba namna ya kuingia kwa neno la siri na kuyabadilisha maneno akitaka. Mwanafunzi alipoondoka, ukurasa ukabaki kuwa wa baba, naye njia nyingine ya kuufikia hakuijua.

Jamani, baba alifufuka. Tangu apunguzwe alikuwa anashinda barazani na msuli wake, anasikiliza redio, hana hamu hata ya kunyoa ndevu. Sasa kila Jumanne na Alhamisi anaamka, ananyoosha suruali kwa pasi ya mkaa, anavaa viatu vyake vya kazini, anatia diski kwenye mfuko wa shati, anakwenda Mwenge kwenye duka la intaneti. "Nakwenda ofisini," ananiaga. Binti wa pale dukani alikuwa anamwamkia shikamoo na kumwekea kompyuta ya pembeni, isiyopigwa na jua. Akirudi mchana ananieleza ameandika nini wiki hiyo, na mie namsikiliza nusu nusu, mikono yangu iko kwenye beseni la shuka.

Alichokuwa anaandika, sasa, ni salamu. Mpaka leo nazijua kwa moyo. Aliziandika kwa kile Kiingereza chake cha ofisini, lakini maana yake ilikuwa hii: "Kwenu wasomaji wetu popote mlipo. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo kwa uwezo wake Mola, hofu yetu ni juu yenu ninyi mlio mbali. Mvua za vuli zimeanza, tunashukuru. Je, huko kwenu hali ya hewa ikoje?" Na kila wiki alibadilisha kidogo. Mfungo ukianza, atawaarifu. Samaki wakiadimika, atawaarifu. Vyumba na bei vilikuja huko chini kabisa, baada ya aya tatu, kwa haraka haraka, kama mtu anayeona haya kutaja shida yake. Nilimwambia kwamba hivyo si biashara. Akaniambia huwezi kumtajia mtu kuwa chumba kina feni kabla hujamjulia hali.

Basi kwa jirani wageni wanaingia na kwetu vyumba vitupu. Jirani naye alikuwa na ukurasa. Wageni wake walikuwa wanakuja na karatasi mkononi, wameichapa huko huko kwao, jina la nyumba na ramani, wanapita mlangoni kwetu bila hata kugeuza shingo. Kijicho kilinijaa, nisiseme uongo. Siku moja wakaja kwetu mke na mume, wamekosa nafasi kwa jirani. Yule mama akanieleza kwamba kwenye intaneti kuna kurasa za kutafutia. Unaandika unachokitaka, zinakuletea orodha, wa kwanza juu, wa mwisho chini. Jirani alikuwa wa pili. Sie tulikuwa huko nyuma, karatasi ya tano, na chini ya jina letu ule ukurasa umenukuu maneno ya mwanzo mwanzo tu: hatujambo, hofu yetu ni juu yenu. Akacheka, kwa wema tu, akaniuliza kwa nini mwenye nyumba anawahofia watu asiowajua. Mie nikacheka naye. Ndani roho iliniuma kwa aibu, na aibu yenyewe nikamtupia baba.

Nikauliza uliza mjini. Nikaelekezwa kwa bwana mmoja wa makamo, ana chumba ghorofani na kompyuta mbili, kazi yake hiyo hiyo ya kuzipandisha kurasa za watu kwenye zile orodha. Akautazama ukurasa wetu, hakucheka. Aliniambia, sista, mtambo wa kutafutia hausomi kama mtu. Unachukua maneno ya mwanzo ndiyo unayoyaonyesha, na unatafuta maneno yale yanayoandikwa na watu wanaotafuta malazi. Nani anayeandika salamu akitafuta chumba? Kwa hiyo salamu zote zitoke. Yeye ataweka ufukwe, chumba, bei nafuu, Dar es Salaam, mwanzo mwisho, na mengine atayarudia chini kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, mgeni hayaoni, mtambo unayaona. Ila sharti lake moja: neno la siri likae kwake. Hawezi kujenga mchana, mtu mwingine abomoe jioni.

Nilikaa na jambo lile wiki mbili. Msidhani nilikurupuka. Kwanza nilijaribu njia ya heri, nikamwomba baba vyumba viende juu, salamu zishuke. Akakubali. Jumanne akabadilisha, Alhamisi akarudisha, ananiambia usingizi umemkataa, ameona kama ameingia nyumbani kwa watu bila kupiga hodi. Nikaenda kwa shangazi yangu, dada yake baba, Mtoni. Shangazi akaniuliza swali moja tu: hiyo kazi ukimpa mtu wa nje, siku ya Jumanne kaka yangu atakwenda wapi? Nikamjibu vibaya. Nilimwambia nyumba haiendeshwi kwa kumtafutia baba pa kwenda. Shangazi akanitazama, akanimiminia chai.

Nilikuwa na haki, na hilo ndilo linalonitafuna. Vyumba vinne vitupu ni vitupu, na paa lilikuwa linavuja, na kama si mie pale kwetu hapana mtu. Kumpa mtu wa nje haikuwa kosa. Kosa langu ni kwamba sikuwa na moyo wa kumkalisha baba chini nikamwambia. Kichwa ngumu mie, nikajiambia hatajua. Ijumaa alipokwenda msikitini nikafungua daftari lake, nikalinakili neno la siri kwenye kipande cha karatasi, nikakipeleka mjini, yule bwana akaweka lingine.

Jumanne iliyofuata baba akatoka na viatu vyake. Akarudi mapema. Akaniambia kompyuta imemkatalia neno lake, huenda ameliandika vibaya. Nikasema huenda. Alhamisi akaenda, akarudi. Safari ile alikuwa ameliandika kwenye kiganja cha mkono kwa peni, na kompyuta imemkatalia hata hivyo. Jioni alikaa barazani midomo inamchezacheza, nikadhani anavuta uradi. Kumbe analirudia lile neno, herufi moja moja, anajaribu kukumbuka kama kuna namba amezisahau. Mlango ulikuwa wazi, namwona. Nikaendelea kukunja foronya.

Na wageni wakaanza kuja. Yule bwana hakuwa tapeli, kazi yake aliijua. Vyumba viwili vikajaa, kisha vyote vinne, watu wana karatasi mkononi kama wale wa jirani. Baba akawa anafurahi nao, anawaamkia, anawauliza njiani mmeonaje, na anaamini kabisa wamesoma barua zake. Nikawa najikaza kisabuni. Nikajiambia nitamwambia wiki ijayo, mwezi huu ukiisha, akiwa na furaha zaidi.

Siku moja akaja jikoni ameshika bahasha ya kaki. Ndani mna hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha kifo cha mama. Akanitaka nivitunze mie. "Kichwa changu kimeanza kuniacha, mwanangu," akasema. "Nisije nikavitupa." Marehemu babu naye uzeeni alisahau mpaka majina ya wanawe, na baba alikuwa akiiogopa siku hiyo maisha yake yote. Nikaipokea bahasha. Wallahi niliipokea, nikaenda kuiweka kabatini, nikarudi kwenye chungu.

Baada ya hapo nikasikia adhana ya alfajiri ina sauti nyingine. Baba ndiye aliyekuwa akiadhini kwenye msikiti wetu mdogo, tangu mie sijaolewa. Nikamuuliza kulikoni. Akanijibu kwamba amemwomba imamu atafute mtu mwingine, kwa sababu anahofia siku moja atasimama pale yakamkimbia maneno, watu wote wanasikia.

Ningesema kwamba hapo ndipo moyo uliponishinda nikamwambia. Hapana. Nilimwambia kwa hasira. Ilikuwa Alhamisi, wageni wa vyumba vyote vinne wameondoka kwa pamoja, shuka nane kwenye beseni, mgongo unaniuma. Akaja na viatu vyake, na suruali imenyooshwa, akaniomba nifuatane naye Mwenge nikamsaidie kulikumbuka lile neno. Kichwa kikanipanda.

"Baba, hujasahau kitu," nikasema. "Neno nimelibadilisha mie. Nimempa mtu mjini kazi hiyo. Zile salamu hazisomwi na mtu, zinasomwa na mashine, na mashine haina haja ya kujua kama hatujambo."

Nikamsubiri anifokee. Nilikuwa tayari, nina majibu kibao. Baba akasimama pale uani na diski yake mfukoni, ananitazama, na uso ukaanza kumfunguka.

"Kwa hiyo kichwa changu kizima?"

"Kizima, baba."

"Alhamdulillahi," akasema. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajifuta macho kwa kiganja, akasema tena na tena, alhamdulillahi, alhamdulillahi. Alifurahi. Mimi nimemwibia kazi yake, nimemwacha mwezi mzima anajiona kichaa, na yeye anamshukuru Mungu mbele yangu. Nilitamani angenipiga.

Furaha ile ikapita. Akaniuliza nimebadilisha tangu lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole safari zake za Mwenge, zikafika saba, mbali na ile ya siku hiyo ambayo hakwenda. Akavua viatu pale pale, akaviweka pamoja, visigino vimekaa sawa.

"Shirika lilipotupunguza," akasema polepole, "lilituandikia barua."

Nilipiga magoti nikamwomba radhi, shuka zinaelea nyuma yangu. Radhi akanipa siku ile ile, bila masimango, akanishika kichwa akaniombea dua. Nikaenda mjini kupigana na yule bwana mpaka akakubali baba arudishiwe nafasi ya mistari michache chini kabisa ya ukurasa. Nikamletea baba habari ile mbio mbio. Akatabasamu, akaniambia niwaache wageni waje, yeye hana la kuwaandikia watu wasiosoma. Adhana nayo hakuirudia. Imamu mwenyewe alikuja nyumbani kumfuata, baba akamjibu kwamba aliyepewa anaiweza. Jumanne ikafika, pasi haikuwashwa. Akavaa msuli, akafungua redio.

Vyumba vilijaa miaka ile yote. Paa tuliliezeka upya.

Kisha, miaka kadhaa mbele, kichwa cha baba kikaanza kweli kumwacha. Mwanzo ni vitu vidogo: amekula, anasema hajala. Siku moja akapotea baina ya msikiti na nyumbani, njia aliyoitembea miaka thelathini, akaletwa na muuza samaki. Nilimkalisha barazani, nikamletea maji. Akanishika mkono, akanitazama usoni kwa matumaini ambayo sijapata kuyaona kwa mtu mwingine.

"Mwanangu," akaniuliza, "njia umeibadilisha wewe?"

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Nimeibadilisha mie."

"Alhamdulillahi," akasema, akanywa maji.

Akawa ananiuliza hivyo kila siku, na mie namjibu hivyo kila siku, mpaka siku tuliyomzika.