Futi Sita Achagua Pensheni

Katika halmashauri nzima hapakuwa na mtumishi aliyeagwa kwa furaha kama msimamizi wa makaburi. Siku ya kustaafu kwake wenzake walipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na si kwa mapenzi. Bwana yule alikuwa na tabia mbaya ya kumtazama mtu kuanzia utosini hadi kwenye viatu, huku akinong'ona vipimo. Kazini walimwita Futi Sita.

Lakini waliomrithi walitimua mbio mmoja baada ya mwingine, na maiti hangoji nafasi ya kazi itangazwe. Halmashauri ikapiga magoti: mzee, rudi. Akakubali upesi, maana hata nyumbani alikuwa ameanza kumpima paka. Kilichobaki ni kuchagua. Ama aendelee kula pensheni yake kila mwezi na kufanya kazi kwa mkataba, bila kuchangia tena mfuko. Ama aisitishe, arudi kundini kama mwajiriwa, achangie, na akistaafu mara ya pili alipwe pensheni nono zaidi mpaka mwisho wa uhai wake. Akishatia saini, hakuna kubadili.

"Nakula sasa hivi," alimwambia mkewe wakinywa chai. "Wastaafu hawadumu, mama watoto. Mimi ndiye niliyewazika. Yule mhasibu hakumaliza mwaka. Dereva wa lori la taka, kiinua mgongo chenyewe hakukigusa."

"Kwa hiyo wewe umejipa muda gani?"

"Miaka miwili. Mitatu nikiacha sukari."

Mkewe akaweka kikombe chini. Alikuwa mshonaji mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, lakini safari hii aliinuka mezani. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Futi Sita akabaki anakoroga chai, hajui amekosa nini.

Kesho yake ilikuwa siku ya uhakiki, ile ambayo wastaafu huitwa ukumbini kuthibitisha kwamba bado wanapumua, na ndiyo siku aliyopangiwa kutia saini. Mkewe alimsindikiza bila kumsemesha. Futi Sita alipotokeza mlangoni, ukumbi mzima ukamgeukia.

"Bado!" mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Tupo hai, rudi ulikotoka!"

Watu wakaangua kicheko. Futi Sita akaduwaa. Mabenchi yalikuwa yamefurika wastaafu, wengine waliostaafu yeye akiwa bado na nywele. Mbele kabisa aliketi bibi aliyekuwa mpiga chapa wa mkurugenzi, mgongo umepinda, anatafuna karanga kwa meno yake mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Nilidhani nilishakuzika."

"Marahaba. Ulimzika dada yangu. Na acha kunipima, mwanangu, nimefupika, utachimba bure."

Hapo mkewe ndipo alipofungua kinywa. "Unawaona? Miaka yote umekaa mahali ambapo wazima hawana shida ya kuja. Waliokufa ndio waliokufuata, ukadhani wastaafu ndio hao tu." Akamgeukia mumewe. "Halafu unanitangazia ujane wangu mezani, kama unaniagiza chumvi. Mimi nilipanga kuzeeka na nani?"

Futi Sita, aliyesimama kando ya makaburi yasiyo na idadi bila kupepesa jicho, aliinamisha macho sakafuni. Aliona aibu. Kumbe alikuwa anaogopa kufa, anaogopa vibaya sana, na ile hesabu yake ilikuwa njia ya kujifanya haogopi. Akamshika mkewe kiwiko, wakasogea dirishani kwa karani.

"Unaendelea na pensheni au unasitisha?" karani akauliza.

"Nasitisha."

"Mzee, hutaiona tena mpaka ustaafu mara ya pili. Una hakika utafika?"

"Mimi sina," Futi Sita akajibu, akichukua kalamu. "Ila huyu hapa amekataa kunipa ruhusa ya kufa."

Mkewe akacheka huku machozi yanamtiririka, akamshika mkono ule wenye kalamu mbele ya umati wote ule, na hakuuachia hata karani alipomwomba mzee asaini vizuri.