Wayua Ahamia Python Mpya

Wayua alishona nguo miaka mingi pale Kiuu, mpaka mgongo ukakataa kuinama juu ya cherehani. Hapo akageukia kazi aliyokuwa akiipenda kuliko kushona kwenyewe, kuchora pateni. Fundi alimtumia vipimo vya mteja kwa simu, naye akaviingiza kwenye programu aliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya Python, ikachora vipande vyote vya gauni. Alivichapa kwenye karatasi za kawaida, akaziunga kwa gundi na kumpelekea fundi, kazi ya fundi ikabaki kukata. Programu yenyewe aliiandika kidogo kidogo, kwa kutazama video na kwa kumsumbua rafiki yake Idah, mwalimu wa kompyuta kule Thika. Haikuwa na sura ya kupendeza, lakini shingo ilikaa pale shingo inapokaa.

Mwezi wa Agosti, Maggie, fundi wa Mwihoko, alipata kazi ya sare za kwaya ya akina mama.

"Mama Nduku," alimwambia Wayua kwenye simu, "kitambaa wamenunua ni kidogo, na hawa wamama si wadogo. Nitafutie vile hivyo vipande vitabanana."

Wayua alijua pa kutafuta. Kazi nyingi za programu yake zilifanywa na pakeji, yaani vijiprogramu ambavyo watu wengine wameandika na kuvitoa bure. Sasa ilikuwepo moja ya kupanga vipande juu ya kitambaa, kisipotee bure. Alipojaribu kuisakinisha ikakataa, kwamba Python yake ni ya zamani. Basi akashusha toleo jipya, akafungua programu yake kwa hamu. Ikasimama mstari wa kwanza kabisa: pakeji ya kuchora haipo. Akaruka mstari huo. Ya hesabu nayo haipo.

"Zimeenda zote," alisema kwa sauti, ingawa chumbani hakukuwa na mtu.

Akapika chai kwanza. Aliporudi alipekua kompyuta mpaka akaiona folda ya pakeji zake za zamani, zimetulia pale pale zilipokuwa. Akafarijika. Akainakili folda nzima na kuibandika kwenye Python mpya. Programu ikasonga mbele kidogo, kisha ikaanguka kwa maneno mekundu yaliyojaza kioo. Hapo ndipo alipompigia Idah.

"Ume-copy folda yote? Aki Wayua!" Idah alicheka mpaka akakohoa. "Hakuna kitu imepotea. Kila toleo liko na stoo yake, na hiyo mpya imeanza na stoo tupu. Lakini huwezi beba tu vitu vya stoo moja upeleke ingine, kwa sababu kuna pakeji zilijengwa zikae na lile toleo la zamani peke yake. Futa hizo ulizoweka, halafu kuja Jumamosi na laptop. Nitapika mukimo."

Jumamosi walikula kwanza. Kisha Idah akamwonyesha jinsi ya kuiuliza Python ya zamani itaje kila ilichonacho. Majina yakateremka kwenye kioo, mengine Wayua hajawahi kuyasikia.

"Hizi zote ni zangu?"

"Wewe mwenyewe uliitisha gani?"

Wayua akatazama juu kabisa ya programu yake, mahali pakeji zinapoitwa kazini. Zilikuwa chache tu.

"Basi hizo ndizo tunahamisha," Idah akasema. "Zile zingine zililetwa na hizo, kama watu huletana kwa harusi. Ukiita wenyewe, watakuja na watu wao."

Hawakuzibeba, walizisakinisha upya. Idah alimtengea chumba chake ndani ya Python mpya, kitakachotumiwa na programu ya pateni peke yake, ili kazi nyingine zisije kuivuruga. Pakeji zikaingia moja baada ya nyingine, hata ile ya kupanga vipande, isipokuwa ile ndogo ya kuchora mkunjo wa kwapa. Aliyeiandika aliiacha zamani, na kwa toleo jipya haikukubali hata kidogo.

"Sasa kwapa ndiyo gauni," Wayua alisema, uso umemwanguka. "Ukikosea hapo, mtu hainui mkono."

"Hebu tuifungue tuone ndani."

Ilikuwa fupi. Sehemu kubwa ilishughulikia mambo ambayo Wayua hakuyahitaji, na mkunjo wenyewe ulikuwa mistari michache ya hesabu. Aliisoma akifuata kwa kidole, akaanza kutabasamu. "Huyu mtu alikuwa anafanya vile mimi nilikuwa nafanya na chaki!"

Akaiandika upya yeye mwenyewe, Idah akaenda kuosha vyombo. Kwa kuwa Python ya zamani ilikuwa bado inafanya kazi, walichora gauni moja kwa zote mbili, wakachapa, na kuzibandika karatasi pamoja kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Mbele zililingana. Nyuma, kwapa jipya lilikuwa limefura upana wa kidole. Wayua alirudi mezani, akaona pale alipojumlisha badala ya kutoa. Mara ya pili mistari ililaliana hata ikaonekana kama mmoja.

"Ngai, umeiweza!" Idah alimpiga bega, mikono bado ina povu.

Wiki iliyofuata Maggie alikata sare zote kwa mpangilio uliotolewa na ile pakeji mpya, na kitambaa kikabaki cha kutosha vilemba, jambo ambalo mwenyekiti wa kwaya hakuwa amelitegemea. Wayua hakuiondoa Python ya zamani mara moja. Aliiacha mpaka alipochora gauni za kila umbo kwa ile mpya bila kukwama, kisha, siku moja ya mvua, akiwa na maharagwe jikoni, akaifuta bila hata kushusha pumzi. Akapunguza moto, akarudi kwenye kompyuta kuanza kitu alichokuwa akikiahirisha tangu mwaka jana, yaani suruali za wanaume.