Mji wa Maji Kwenye Kalenda

Julai ya mwaka ule wa ukame tulimpoteza Syombua, ng'ombe wetu wa pekee, aliyeitwa hivyo kwa Kikamba chetu kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha. Nilimkumbuka juzi, mpwa wangu aliponionyesha kwenye simu picha za mji mdogo wa Uholanzi ulio kando ya maji. Anasema bahari yao ilizibwa kwa ukuta, wavuvi wakakosa kazi, na siku hizi mashua zao hubeba watalii.

Nyumbani kwetu Kisaju mji huo ulikuwa kwenye kalenda. Mama alipewa na Mholanzi mwenye shamba la maua Kitengela, alikokuwa akikata waridi. Mimi, nikiwa mtoto, niliona maji na nyasi tu, nikajua ni malisho.

Alasiri tuliyompoteza Syombua, upepo ulileta harufu ya mizoga. Alikuwa amelala, hawezi kusimama, na Baba Naserian, jirani yetu Mmaasai, alikuja kutusaidia kumwinua.

“Shika mkia, Mama Kioko,” alimwambia mama. “Akikataa sasa, basi.”

Alikataa.

Nilikimbia ndani nikaleta kalenda. “Mama, tumpeleke huku kwao bosi wako.”

“Ni mbali.”

“Kupita Mashuuru?” Sikujua mahali pa mbali zaidi.

“Kupita Mashuuru, mtoto wangu.”

“Kungekuwa na njia,” alisema Baba Naserian, “ng'ombe zangu ningehamisha jana.”

Nilimwekea Syombua picha mbele ya macho, aone nyasi, asimame. Alitoa ulimi, akaivuta karatasi, akaanza kutafuna polepole. Mama alinyoosha mkono amnyang'anye, kisha akaurudisha, akamwacha ale.