Hostia za Elmire Ndani ya Sefu ya Bunduki

Mke wangu Elmire alikitunza kigango chetu miaka mingi kuliko alivyonitunza mimi. Alianza akiwa msichana. Alifagia, alifua vitambaa vya altare, na alihifadhi hostia kabla padri hajazibariki. Hizo hostia ndizo zilizomtesa.

Huku kwetu Luiziana ya chini, kwenye vinamasi, hakuna kitu kikavu. Chumvi huganda kikombe kizima. Viatu vya harusi huota ukungu kabla ya ndoa. Hostia zikikaa sakristia wiki moja zinakuwa laini kama sikio la mtoto, halafu zinashikana. Padri akitaka moja anainua fungu.

Kitu kikavu kilikuwa kimoja tu: sefu yangu ya bunduki.

Unyevu unaingia kwenye chuma kama umbea unavyoingia nyumbani, hauhitaji mlango. Chini ya sefu niliweka fimbo ya umeme, ile ya kupasha hewa joto kidogo mchana kutwa na usiku kucha. Nikaweka na mikebe ya chembechembe za kufyonza maji. Zikiwa buluu zina kiu. Zikigeuka waridi zimeshiba, unazikausha kwenye oveni zinarudi buluu. Elmire ndiye aliyezikausha, pamoja na mkate wa mahindi, ili tusipoteze moto. Mle ndani nilitundika kipimo cha unyevu, na mshale wake ulikaa pale pale nilipoutaka. Sikupenda mtu afungue sefu bila sababu. Kila ukifungua unakaribisha kinamasi.

Siku moja nikakuta kopo la hostia limesimama kati ya bunduki yangu na ya marehemu baba. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni mkate, na mkate haumpigi mtu risasi, niufungie. Nikafunga.

Mwaka huo Padri Tuan, ambaye huja kila Jumapili kutoka mjini, alitangaza kwamba vigango vyenye watu wachache vitafungwa. Tukahamie kanisa kubwa la huko juu, kwenye nchi kavu. Wachache walikuwa sisi: mabibi, na mimi. Wanaume wetu Jumapili wako majini. Baridi wanawinda bata mwitu, joto wanavua kamba.

Elmire alifunga kanisa. Nyumbani akanikalisha.

"Niliingizwa kwa mlango ule nikabatizwa," akasema. "Tumeoana pale. Mama yangu katolewa pale. Na mimi nitatokea pale, mzee, sitaki kutokea kwa watu wasionijua."

Hayakuwa maneno ya kupita. Daktari alikuwa ameshatuambia habari ya damu yake.

Basi ikaja misa ya kumbukumbu ya mama yake Ulysse, jirani yetu. Ulysse hakuwa amekanyaga kanisani tangu harusi yake. Alianza na kitubio, sote tukamsubiri, na watu wakapata muda wa kusinzia. Alipopokea komunyo akasimama pale pale, macho kafumba, mstari mzima umekwama nyuma yake. Padri akamnong'oneza asogee.

"Bado, Baba," akasema Ulysse.

Jumapili iliyofuata akaja na kaka yake. Kisha wakaja wavuvi wa kamba, wale ambao mbwa wa kanisa alikuwa hawajui. Kufikia Kwaresima wanaume walikuwa wanaegemea ukuta kwa kukosa viti. Hakuna aliyesema kwa nini. Elmire alidhani ni Bikira Maria, kwa kuwa alikuwa amemsumbua sana.

Mimi nilijua siku Ulysse aliponivuta pembeni kwenye ngazi, sauti chini kama mtu anayeposa. Aliniuliza nasafishia nini bunduki zangu. Nikamtajia yale mafuta yanayonuka kama ndizi mbivu iliyoanguka kwenye taa. Akaitikia kwa kichwa.

"Ndiyo hiyo. Marehemu baba yangu alitumia hiyo hiyo," akasema. "Nikiipokea hostia tu, harufu ile inapanda, niko kwenye mtumbwi naye, bata hawajaja. Mzee, mpaka kahawa yake naisikia."

Nilipomweleza Elmire alikaa chini. Akauliza kama ni dhambi. Nikamwambia mimi ni mtu wa kamba, amuulize padri. Akamuuliza waziwazi, maana hakujua kudanganya, alijua kunyamaza tu.

Padri Tuan alikuwa ameshaisikia ladha ile, akadhani ni nta ya sakafu. Akaja kuiona sefu. Aliangalia bunduki, akaangalia kopo, akaangalia mshale kwa muda mrefu. Akasema hostia ni unga wa ngano na maji, basi.

"Harufu si unga, Baba," Elmire akamwambia. "Hata ubani unanuka."

Padri akasema atalisoma jambo hilo. Kwa sasa kopo litoke. Akazipeleka hostia kwake, kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana.

Zikawa kavu, safi, hazina ladha yoyote. Ulysse alipopokea alimtazama padri kama mtu aliyepunjwa samaki. Wiki iliyofuata ukuta ulikuwa na nafasi. Iliyofuata tena, tulibaki mabibi na mimi. Na mjumbe wa askofu alikuwa anakuja Pentekoste kuhesabu vichwa.

Elmire hakubishana na padri. Aliacha kula, basi. Nilimpikia supu ya bamia, akaikoroga mpaka ikapoa. Nilikuwa najua anachohesabu.

Siku chache kabla ya Pentekoste, Padri Tuan akabisha hodi, chombo kwapani. Akakubali kahawa. Akazungumzia mvua. Akazungumzia goti la mama yake. Kahawa ikaisha. Akasema nyumba ya padri imekuwa na unyevu mwingi mno siku hizi. Nyumba ile ina kiyoyozi kila chumba, hata bafuni.

"Pole, Baba," akasema Elmire. "Lete hapa."

"Ni kwa ajili ya unyevu tu, mama."

"Unyevu tu, Baba."

Nikafungua sefu. Bunduki nilikuwa nimezipaka mafuta asubuhi ile, bila kuombwa na mtu. Elmire aliomba, lakini mke si mtu wa kuhesabu. Chembechembe zilikuwa buluu kabisa. Elmire akazirudisha hostia kwenye kopo lake la zamani. Padri akaliweka mwenyewe, akalisogeza karibu na mitutu, kisha akajifuta mikono kwenye suruali. Jioni ile Elmire akampigia simu mke wa Ulysse, akamwambia hostia zimerudi nyumbani. Kisha akakata simu.

Pentekoste mjumbe wa askofu hakupata kiti. Alisimama ukutani kati ya wavuvi wa kamba. Alipopokea alitafuna kuliko kawaida. Baada ya misa alimuuliza Padri Tuan siri ya kigango kujaa.

"Tumedhibiti unyevu," akajibu padri.

Mjumbe akasema hilo ni jambo zuri, makanisa mengi yanaliacha. Kigango hakikufungwa.

Elmire alikufa Oktoba, kabla ya bata.

Kanisa lilijaa hadi nje. Kila mwanaume alitaka kubeba. Niliwaambia wachague wenyewe, wakashindwa kuchagua, wakashika wote. Mlango wetu ni mwembamba. Walipofika pale wakimtoa, jeneza likakwama, Ulysse upande huu, kaka yake upande ule, na hakuna aliyekubali kuachia. Mabibi wakatoa ushauri. Padri Tuan akawaomba wapungue. Wakamwambia apungue yeye.

Ikabidi tumrudishe ndani, tuanze upya. Nikakaa kwenye benchi karibu yake nikisubiri wakubaliane. Sikuwa na haraka.